Dhamira Hupatikana Kazini: Juu ya Malengo ya Muda Mrefu



Mtoto wa darasa la pili akiulizwa mbele ya wageni atakuwa nani akikua, jibu huwa mdomoni tayari: daktari, rubani, mwanajeshi. Wageni hucheka, soda hufunguliwa, na swali huishia hapo. Miaka michache baadaye hurudi kwa sura nyingine. Kijana wa kidato cha nne nchini Tanzania hukabidhiwa fomu ya kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, aseme kama ni PCB, HGL au EGM, na uchaguzi huo ndio utakaomfungulia baadhi ya milango ya chuo kikuu na kumfungia mingine. Wapo wanaochagua kwa kumfuata rafiki, kwa kumkimbia mwalimu mkali wa hesabu, au kwa neno la mjomba mwenye kazi nzuri mjini. Kisha huja chuo, mkopo wa Bodi ya Mikopo, mahafali, na bahasha ya vyeti inayozungushwa ofisi hadi ofisi.

Hapo ndipo kijana anapokutana na mhamasishaji. Katika ukumbi wa hoteli, kipaza sauti mkononi, msemaji humweleza kwamba shida yake ni moja tu: hajui kusudi la maisha yake, wala hajaandika malengo yake. Ushahidi huletwa papo hapo. Mwaka 1953, husemwa, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani waliulizwa kama wana malengo waliyoyaandika. Asilimia 3 tu walikuwa nayo. Miaka 20 baadaye, hao asilimia 3 walikuwa na mali nyingi kuliko wenzao asilimia 97 wote wakiwekwa pamoja.

Ni hadithi tamu, nayo haina ukweli. Mwaka 1996 jarida la Fast Company la huko huko Marekani lilifuatilia chanzo chake. Wahamasishaji waliokuwa wakiisimulia walirushiana mpira: huyu alisema kaipata kwa yule, yule kwa mwingine. Yale kwenyewe hakukuwa na utafiti wa namna hiyo.

Kuanguka kwa hadithi hiyo hakuyafanyi malengo kuwa kazi bure. Kunachofanya ni kulifungua upya swali lenyewe. Mhadhara huu unashikilia hoja moja: dhamira ya maisha ya kazi aghalabu haipatikani kabla ya kazi, kwa mtu kujifungia chumbani na kalamu. Hupatikana ndani ya kazi, mara nyingi kazi ambayo mtu hakuichagua, pale anapoona jambo lisilomwacha alale. Lengo la muda mrefu huja baada ya hapo, na lina kanuni zake.

Kilichopimwa kweli

Kuhusu malengo, wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wamefanya kazi ya miongo mingi. Mfano wao mashuhuri unatoka katika biashara ya magogo, jimbo la Oklahoma, miaka ya 1970. Malori 36 yalikuwa yakibeba magogo kutoka msituni kwenda kiwandani, na kila safari yalipakiwa takriban asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Madereva walikuwa wameshaambiwa wajitahidi kadiri ya uwezo wao. Latham na mwenzake wakabadilisha jambo moja tu: wakataja shabaha, asilimia 94. Hapakuwa na nyongeza ya mshahara wala lori jipya. Ndani ya miezi michache mizigo ilipita asilimia 90, na hali hiyo ikadumu.

Somo lake ni kwamba lengo gumu lililotajwa kwa tarakimu huishinda kauli ya "jitahidi". Lakini watafiti hao hao waligundua mpaka wake. Mtu akiwa kwenye kazi ngeni na yenye mambo mengi, kumpa shabaha ya matokeo humvuruga; hufanya vizuri zaidi akipewa shabaha ya kujifunza, kwa mfano kugundua njia tano za kufanya jambo. Dereva wa Oklahoma alijua gogo ni nini na lori ni nini. Mhitimu wa miaka 23 hajaijua kazi yake bado. Kumtaka aandike atakuwa wapi akifikisha miaka 50 ni kumtaka ataje uzito wa mzigo asiouona.

Kupe na mito ya kahawia

Mfano wa karibu zaidi ni wa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 Ihithe, Nyeri. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma. Alisoma biolojia huko Atchison, Kansas, kisha shahada ya uzamili Pittsburgh. Mwanzoni mwa 1966 alirudi Nairobi na barua mkononi ya kazi katika idara ya zuolojia. Alipofika aliambiwa nafasi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine.

Kama angekuwa na mpango ulioandikwa, ungekufa siku hiyo. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akianzisha hapo Nairobi idara ya anatomia ya mifugo na kuhitaji mtu anayejua kuandaa vipande vya tishu kwa ajili ya hadubini. Maathai alijua. Akaingia kwenye mifugo kwa mlango wa nyuma, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ilihusu viungo vya uzazi vya ng'ombe. Miti haikuwamo.

Miti iliingia kupitia kupe. Katika miaka ya 1970 alikuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na uliokuwa ukiwaua ng'ombe wa kisasa walioletwa kutoka nje. Alikwenda vijijini kukusanya kupe masikioni mwa ng'ombe. Kazi yake ilikuwa masikio, lakini alitazama mbavu pia, na mbavu zilihesabika. Nyasi zilikuwa haba. Mvua ikinyesha, mito ilishuka na rangi ya kahawia, imebeba udongo wa mashamba ya juu. Katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula. Akaunganisha: misitu imekatwa ili kupanda kahawa, chai na miti ya mbao, na mto, ng'ombe na mama anayetafuta kuni wote wanalipa gharama ile ile. Adui mkubwa wa ng'ombe hakuwa kupe peke yake.

Jaribio lake la kwanza halikufika mbali. Kampuni ndogo ya kupanda miti aliyoiita Envirocare, yenye kitalu katika msitu wa Karura, ilikufa kwa kukosa fedha. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na umri wa miaka 37 na mwalimu wa chuo kikuu, yeye na wanawake wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Ndio mwanzo wa Harakati ya Ukanda wa Kijani.

Kuanzia hapo lengo la muda mrefu lilipata miguu. Wataalamu wa misitu walipinga, wakisema kupanda miti kunahitaji mwenye stashahada. Wanawake wakaanza kuotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika na chochote walichokuwa nacho. Walilipwa fedha kidogo, na si kwa kila mche uliopandwa bali kwa kila mche uliopona baada ya kuhamishwa kitaluni. Tofauti hiyo ndogo ya hesabu ndiyo iliyobeba mradi. Kupanda ni kazi ya siku moja ya sherehe, mbele ya wapiga picha. Kuponesha kunadai kumwagilia, kuweka uzio na kufukuza mbuzi. Dira ilikuwa pana kiasi cha kutosha umri mzima, kipimo kilikuwa kidogo kiasi cha kuhesabiwa na mama asiyejua kusoma.

Dira hiyo ilimgharimu. Mwaka 1982 aliacha kazi chuo kikuu ili agombee ubunge, akaenguliwa, na alipotaka kurudi akakuta mlango umefungwa. Mwaka 1989 alipinga jengo refu lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, akatukanwa bungeni, jengo halikujengwa. Nishani ya Amani ya Nobel ilikuja mwaka 2004, miaka 27 baada ya Kamukunji, kwa mwanamke aliyekuwa ametangulia kukosa kazi ya zuolojia.

Mshahara upande huu, moyo upande ule

Si kila mtu atapata dhamira na mshahara katika dirisha moja. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara ya mifugo Mpwapwa, kisha katika ofisi za serikali Tanga, ikiwemo ya upimaji ardhi. Vitabu ambavyo wanafunzi wa Kiswahili wanavisoma hadi leo, kama Kusadikika na Adili na Nduguze, vilitungwa na mtu aliyekuwa na ofisi ya kwenda kesho yake. Ukarani ulimlisha. Uandishi haukusubiri ukarani uishe.

Erasto Mpemba naye alikwenda njia yake. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa moto wa aiskrimu kwenye friji bila kuusubiri upoe, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake. Walimu walimcheka. Aliposoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri mgeni, Denis Osborne wa Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo hilo maabara; makala yao ilitoka mwaka 1969. Jina la Mpemba limebaki katika fizikia ya dunia nzima, wakati yeye mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka na kufanya kazi katika sekta hiyo. Kwake yeye swali halikuwa ajira, na halikupungua thamani kwa sababu hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ukiongozwa na Amy Wrzesniewski unaliweka jambo hili vizuri. Makatibu muhtasi 24 wa chuo kimoja, wenye kazi inayofanana, waligawanyika karibu sawasawa katika mafungu matatu: wanaoiona kazi kama njia ya kuganga njaa, wanaoiona kama ngazi ya kupandia cheo, na wanaoiona kama wito. Kazi ilikuwa ile ile, na watu wakaipa uzito tofauti.

Yanayotokana na haya

Kwa mhitimu, malengo yagawanywe kwa umbali. Miaka miwili ya kwanza ipewe malengo ya kujifunza: kuijua kazi fulani mpaka kwenye vitabu vyake vya hesabu, kumfuata fundi mmoja mahiri, kuandika kila mwezi kero moja ambayo wateja au wanakijiji wanaitaja tena na tena. Mwenye deni la Bodi na wadogo zake wa kulipia ada asione haya kuchukua kazi ya kujikimu. Maathai naye alichukua iliyokuwepo. Kero moja ikishamng'ang'ania, ndipo aweke dira ya miaka kumi au ishirini, na kila mwaka auwekee kipimo kinachohesabu miche iliyopona.

Kwa chuo, yapo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza ni kumrahisishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza njia ya kubadilisha programu bila kuonekana ameshindwa. La pili linahusu ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Ripoti za aina hii kwa kawaida huuliza mwanafunzi alipangiwa kufanya nini na alifanya nini. Uongezwe ukurasa mmoja: aliona nini ambacho hakutumwa kukitazama? Msimamizi ausome ukurasa huo, autolee maksi, na amuulize mwanafunzi kama angependa kuufanya mada ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Idara zikiridhia, fomu hiyo inaweza kuwa tayari kabla wanafunzi hawajatawanyika kwenda vituoni katika likizo ndefu ijayo.