Mkaratusi Wako: Mbao au Nguzo?

Leo tunazungumza na wewe mwenye mikaratusi shambani, hasa kule Mufindi na Njombe. Je, uipasue mbao au uiuze ikiwa imesimama?

Anza kwa kuutazama mti wenyewe. Ukiwa umenyooka na bado ni mwembamba, soko lake ni nguzo. Mbao zinahitaji gogo nene, kwa sababu mkaratusi hukua ukiwa na mkazo mkubwa ndani yake. Ukiangushwa, mkazo huo hulegea ghafla: gogo hupasuka kwenye ncha, na ubao huanza kupinda ungali kwenye msumeno. Mti mchanga ndio huathirika zaidi.

Pili, msumeno. Ule wa mnyororo hula karibu milimita 8 kila unapopita, kwa hiyo mikato mitatu hugeuza ubao mzima wa inchi moja kuwa vumbi. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 au 3 tu.

Tatu, ukaushaji. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya safu, paka ncha zake rangi, kisha weka uzito juu. Jua kali litazipasua.

Ndugu msikilizaji, jumlisha malipo ya mpasuaji, usafiri na kibali kabla hujaangusha mti. Gharama zikizidi bei ya mbao, uza nguzo au kuni. Na kabla ya yote, mwone ofisa misitu wa wilaya yako.