Barabara na Mfongo Visitenganishwe Katika Mipango ya Halmashauri

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi katika semina ya viongozi wa vijiji, kata na sharika, Moshi)



Tumeombwa tuzungumzie namna halmashauri za mkoa wetu zinavyopanga hifadhi ya mazingira na usafiri wa umma. Kwenye ratiba hizi ni mada mbili. Tunaomba ruhusa yenu tuziunganishe, kwa sababu huku mlimani maji na magari hupita njia moja.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kijiji kimoja cha ukanda wa juu kuchonga barabara, ili ndizi na maziwa vifike sokoni. Wananchi walitoa nguvu kazi kwa msaragambo, sisi tukalipia greda. Katika bajeti hatukuweka mitaro wala makalavati, maana tulitaka fedha zifike mbali zaidi. Masika ya kwanza maji yaliifuata barabara ile kama mto, yakaingia kwenye mfongo na kuujaza tope. Vihamba vya chini vikakosa maji kiangazi kizima. Hiace zikaacha kupanda, na wajawazito wakarudi kushushwa kwa pikipiki hadi kwenye lami. Tulikwenda kuleta usafiri, tukaondoa usafiri na maji pamoja.

Nani anapanga nini?

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa miaka ya 1980 kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Leo mkoa wa Kilimanjaro una halmashauri 7: Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Ngazi ya mkoa haina baraza la kuchaguliwa. Ina Sekretarieti chini ya Katibu Tawala, na Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Hizi hushauri na kufuatilia, lakini mpango wa halmashauri hupitishwa na Baraza la Madiwani.

Kuhusu mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira na mpango kazi wake, na kamati za mazingira zishuke hadi kijijini. Sheria hiyo pia inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kuhusu usafiri, mambo yamegawanyika. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya, tangu mwaka 2017, ziko TARURA. Njia na nauli za mabasi husimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Halmashauri imebaki na stendi, masoko, matumizi ya ardhi na sheria ndogo. Matokeo yake, mwananchi mwenye mtaro uliobomoka huzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka mvua inayofuata inamkuta njiani.

Historia yetu inatufundisha hasara ya jambo kukosa mwenyewe. Ukanda wa Nusu Maili ulitengwa mwaka 1941 chini ya msitu wa Kilimanjaro, ili wananchi wapate kuni, nguzo za mbao na majani ya mifugo bila kuingia msituni. Baadaye usimamizi wake ulihamishwa zaidi ya mara moja kati ya halmashauri na serikali kuu. Katika kuhamahama huko miti mingi ilikatwa. Kila mmoja alidhani mwingine analinda.

Mlimani na mjini ni kitu kimoja

Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 184,292 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikaonyesha wamepita 220,000. Mji huu una sifa ya usafi, na ni sifa ya haki. Lakini maji ya Rau na Karanga hayasomi mpaka wa halmashauri. Mvua za Aprili 2024 zilileta mafuriko Moshi, watu wakapoteza maisha. Maji yanayokosa mtaro na miti huku juu ndiyo yanayogonga milango huko chini. Vivyo hivyo mama wa ndizi kutoka Uru au Kibosho anayekwenda Mbuyuni hupanda gari katika halmashauri moja na kushuka katika nyingine. Mpango wa upande mmoja haumfikishi.

Tunapendekeza nini?

Kwanza, mradi wowote wa barabara mlimani usipitishwe bila mitaro, makalavati na mahali maji yatakapomwagwa. Wenye mfongo waitwe kabla greda halijapanda. Wao wanajua maji yanakopita.

Pili, kamati ya mazingira ya kijiji iwe hai. Majina ukutani hayapandi mti wala hayalindi mita 60.

Tatu, tuwahi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hoja inayoletwa Mei imechelewa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Tutumie ile ya kabla ya Krismasi kuibua miradi, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ifike halmashauri.

Nne, halmashauri za Moshi Mjini na Vijijini zikae meza moja na TARURA, LATRA na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, wakiwa na ramani moja yenye barabara, vituo vya magari, mito na mifongo.

Sisi nasi tumejiwekea sharti: hatutachangia tena barabara isiyo na mtaro, hata kama itakuwa fupi kwa nusu. Na kile kijiji tulichokikosea tumerudi. Tumeanza kuzibua mfongo pamoja nao, kalavati moja baada ya jingine. Kazi bado, na hatuwezi kuimaliza peke yetu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tunauona kila masika.