Ndugu Aliyefichwa

Leo habari yangu nimeitoa katika sinema. Najua wako wazee wetu wasiopenda sinema, nami nawaelewa. Lakini nivumilieni kidogo.

Hadithi za kubuni juu ya sayari za mbali hupenda sana habari za ndugu waliotenganishwa tangu kuzaliwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Luke na Leia katika sinema za Star Wars, alizozibuni Mmarekani George Lucas. Ya kwanza ilitoka mwaka 1977, na humo hakuna hata neno moja la kusema kwamba hao wawili ni ndugu. Watazamaji walikaa miaka sita bila kujua, mpaka sinema ya mwaka 1983, mzee Obi-Wan alipomfunulia Luke kwamba ana pacha, na Luke akatambua kuwa ni Leia.

Sinema ya mwaka 2005 ikaonyesha kuzaliwa kwao. Mama alikufa mara baada ya kujifungua. Baba yao alikuwa amejitoa kwa uovu na kuitwa Darth Vader, basi watoto wakafichwa asiwajue. Leia akalelewa katika nyumba ya kifalme ya Alderaan. Luke akapelekwa kwa ndugu wa kambo wa baba yake, mkulima katika sayari kame.

Nakumbuka Kutoka sura ya pili. Musa naye alifichwa asiuawe, na dada yake akasimama mbali akitazama litakalompata. Dada yule alijua anayemtazama ni nani. Leia hakujua. Katika sinema ya mwaka 1980 alikirudisha chombo ili kumwokoa Luke, naye hajui kwamba anamwokoa kaka yake.

Luke alipomweleza, Leia hakushangaa sana, kama mtu aliyekwisha kujua moyoni. Lakini habari ya ndugu haikuja peke yake. Kama Luke ni kaka yake, basi Vader ni baba yake. Na Vader ndiye aliyemfunga na kumtesa, akawa amesimama nyuma yake siku Alderaan ilipoteketezwa, na watu wote waliomlea.

Tunayajua hayo katika mazishi, ndugu zangu. Kijana asiyejulikana hutokea nyuma ya umati, ana uso wa marehemu. Mjane humtazama mara moja tu, akajua. Kosa si la kijana, lakini amekuja ameubeba uso ule.

Leia alimsihi Luke akimbie. Luke alikataa, alisema bado kuna wema ndani ya baba, akaenda kujitia mikononi mwake. Mwishowe Vader alimtupa bwana wake mwovu shimoni ili kumwokoa mwanawe, naye akafa. Usiku Luke aliuchoma mwili wa baba yake. Dada yake hakuwapo penye moto ule.

Wako wanaomlaumu Leia. Mimi siwezi. Luke aliporudi alimkumbatia, wala hatuonyeshwi kwamba walisema neno lolote juu ya baba.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.