Kadi Inaishia Siku ya Saba: Kifafa Kinachofuata Jeraha la Kichwa

Mada kwa semina ya matabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya



Nimepangiwa muda baada ya chai, na najua chapati zile zimeshaanza kuleta usingizi. Nitaanza na mgonjwa, takwimu zitafuata.

Nilikuwa zamu ya wagonjwa wa nje, mama mmoja akaniletea kijana wake, dereva wa bodaboda, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko. Aliangukia jiko la mkaa. Nikasafisha kidonda, nikapaka dawa. Nilipokuwa nafunga bendeji ndipo mama akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ni mara ya nne "anaanguka", na mbuzi wawili wameshakwenda kwa mganga. Nikapitisha vidole kichwani mwa kijana. Juu ya sikio la kushoto, chini ya nywele, kidole kikazama kwenye bonde dogo, upana wake kama kizibo cha soda.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

"Ajali ya pikipiki hiyo, daktari, mwaka juzi. Palishapona."

Kadi aliyoruhusiwa nayo wodini ilikuwemo ndani ya daftari la kliniki, imekunjwa mara nne. Ilisema arudi baada ya siku saba kutolewa nyuzi. Basi, hakuna kingine.

Siku saba ndizo wataalamu wanazotumia kama mpaka. Mshtuko unaotokea ndani ya juma la kwanza huhesabiwa kuwa wa mapema: ubongo umevimba, una damu mbichi, unalalamika. Huo peke yake bado hauitwi kifafa, ingawa ni dalili ya kumwangalia mtu huyo kwa karibu. Mshtuko unaokuja baada ya hapo, bila homa wala sababu nyingine mpya, ndio wa kuogopa zaidi, maana unaonyesha ubongo wenyewe umebadilika, na uwezekano wa kurudia ni mkubwa. Kwa hiyo kadi zetu hufunga hesabu siku ileile ambayo hatari hii inaanza kuhesabiwa.

Kinachoendelea kati ya jeraha na kuanguka kwa mara ya kwanza hakionekani kwa macho. Damu iliyovujia kwenye ubongo ikivunjika huacha madini ya chuma, na chuma hicho huchokoza seli za neva. Wachunguzi walilithibitisha hilo kwa panya tangu miaka ya 1970. Palipochanika panaota kovu. Neva zilizosalia hutafuta njia mpya za kuunganika, kama nyumba ya kupanga ambayo kila mpangaji amejivutia waya wake. Taa zinawaka miezi minane, mwaka, hata miwili, halafu siku moja shoti. Wengi wanaopata kifafa hiki huanza kuanguka ndani ya miaka miwili, lakini wapo wanaochelewa zaidi.

Ni wangapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuatilia watu 4,541 wa jimbo la Minnesota, Marekani, waliowahi kuumia ubongo. Baada ya miaka 5, waliopata mishtuko miongoni mwa walioumia kidogo hawakufika hata mmoja kwa mia. Kwa walioumia vibaya walikuwa 10 kwa mia. Baada ya miaka 30 hesabu ikafika 2.1 na 16.7. Kwa askari wa Marekani waliotobolewa fuvu kwa risasi na vyuma katika vita vya Vietnam, zaidi ya nusu walipata kifafa. Tusimtishe kila aliyejigonga kwenye kizingiti. Wa kuwakazia macho ni waliobonyea fuvu, waliovujia damu ndani, waliopoteza fahamu zaidi ya siku nzima, na wale walioshtuka juma la kwanza.

Kuhusu dawa, nina ugomvi kidogo na sisi wenyewe. Mwaka 1990 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba fenitoini hupunguza mishtuko ya juma la kwanza kutoka asilimia 14.2 hadi 3.6, lakini baada ya hapo haikuzuia kifafa kuota. Bado nakutana na wagonjwa wanaoimeza mwaka mzima "kwa tahadhari", fizi zimevimba, na hawajawahi kuanguka hata mara moja. Lakini aliyekwisha kuanguka baada ya juma la kwanza ni habari nyingine. Huyo apewe dawa na aendelee nayo, asiikatishe ghafla. Fenobabitoni na kabamazepini ni dawa za siku nyingi na za bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Kofia ngumu nitaigusa tu. Mapitio ya tafiti nyingi yanaonyesha hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kijana wangu alikuwa nayo siku ya ajali, imetundikwa kwenye usukani.

Nilimwanzishia fenobabitoni. Kazi ngumu ikawa kumwambia asiendeshe tena. Pikipiki aliyoipata baada ya ajali ilikuwa ya mkataba, imebaki miezi mitatu iwe yake. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama anaweza kubeba mizigo tu, bila abiria. Mwishowe mdogo wake akamalizia mkataba, yeye akabaki kijiweni akiziba pancha. Mama aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: mbona siku ile wodini hakuna aliyewaambia?

Tangu hapo, kila kadi ya jeraha kubwa la kichwa inayopita mikononi mwangu naiongezea maneno haya chini ya tarehe ya kutoa nyuzi, na naomba kwenye vikundi tuyajadili na kuyaboresha: "Akianguka na kutetemeka, au akizubaa ghafla asijibu, hata baada ya mwaka au miwili, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Akipitisha dakika tano, mkimbizeni hospitali. Hata akizinduka mapema, mleteni na kadi hii."