Tuusome Mji kwa Miguu

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya jiji la Dar es Salaam. Ningeweza kuwasomea tarehe mpaka jua likachwa. Badala yake nawaalika katika matembezi. Hayahitaji gari wala kiongozi. Yanahitaji viatu imara, asubuhi moja ya Jumapili, na macho yaliyo tayari kuuliza. Ni kweli kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma, kama ilivyoamuliwa mwaka 1973 na kuthibitishwa kwa sheria mwaka 2018. Lakini majalada huhamishwa kwa malori. Kumbukumbu hubaki mahali pake.

Tuanze Boma la Kale, kando ya bandari. Jengo hili la mawe ya matumbawe lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar. Sultani alifariki mwaka 1870 na mji wake ukadumaa, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Tukiifuata bandari tutalikuta kanisa la Mtakatifu Yosefu, kisha kanisa la Kilutheri la Azania Front, yote mawili ya zama za Wajerumani. Ni majengo mazuri, wala si dhambi kuyasifu. Lakini mtembeaji mwenye busara hujiuliza: mawe haya yalibebwa na nani?

Na tuende na swali hilo mpaka Sanamu ya Askari, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Wissmann. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakamwondoa, na mwaka 1927 wakamweka askari huyu wa shaba, singe yake ikielekea bandarini. Nakiri kosa langu: kwa miaka mingi niliagana na rafiki zangu tukutane hapo, nisisome hata neno moja la maandishi yake. Yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi, yakiwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ndugu zangu, lizungukeni sanamu hilo. Hamtaona jina la mpagazi hata mmoja.

Vita ile ya 1914 hadi 1918 ilibebwa vichwani. Palipokosekana reli na barabara, na ndorobo wakawaua wanyama wa mizigo, watu walichukuliwa vijijini kubeba chakula na risasi. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Tuendelee kwa barabara ya Samora hadi Mnara wa Saa, ukumbusho wa mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Tuingie mtaa wa Uhuru, tufike Mnazi Mmoja, penye mnara wa Mwenge. Pembeni ni mtaa wa Lumumba, uliokuwa njia kuu ya harakati za TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954. Hapa wale wasiotajwa walianza kujitaja wenyewe.

Mwisho wa safari ni Kariakoo. Soko lake, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Lakini kumbukumbu kubwa ya hapa si jengo. Ni jina. Kikosi cha wapagazi Waingereza walikiita Carrier Corps, na hapa palikuwa na kambi yake. Wananchi walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Kila kondakta wa daladala anayeliita leo anawataja wapagazi bila kujua.

Basi, ndugu walimu, ombi langu ni dogo. Wapelekeni watoto matembezi haya, na wa mikoani watafute yanayofanana na haya huko waliko. Wakirudi, kila mmoja awaulize wazee wa nyumbani kwao: nani katika ukoo wetu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita? Akipata jina, aliandike katika daftari la shule, pamoja na kijiji alikotoka. Wajukuu wa wapagazi hao sasa ni wazee sana, na kila msiba unatupunguzia majina.

Ahadi iliyoandikwa pale chini ya sanamu ilitolewa na wageni, nao hawakuitimiza. Waliotajwa katika ahadi hiyo ni wana, na wana ni sisi.