Upekee na Kudumu kwa Maandiko Matakatifu: Hoja ya Kusomwa kwa Sauti Kanisani

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wazee wa kanisa, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili, Buzuruga, Mwanza



Kamati ya maandalizi imenipa kichwa kipana: ni nini kinachoyafanya Maandiko yetu kuwa ya pekee, na kwa nini yamedumu. Sehemu ya utangulizi nitaipita haraka, maana wengi wenu mmekuwa mkiifundisha katika madarasa ya ubatizo kwa miaka mingi. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo nimelisemea vikaoni na kuliandikia barua mara nyingi, na ambalo bado halijapata nafasi katika ratiba zetu.

1. Maelezo ya msingi

Biblia tunayotumia ina vitabu 66, yaani 39 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Ndugu zetu Wakatoliki wanavyo 73. Viliandikwa kwa Kiebrania na Kigiriki, na sehemu chache kwa Kiaramu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tulivyo navyo leo, inaonekana katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran mwaka 1947 ni kongwe kwa takribani miaka 1,000 kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana hapo kabla, na bado maneno yake yanalingana nazo kwa sehemu kubwa sana.

Kwa upande wetu, mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na hakukawia kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja, kazi iliyoanzishwa na Askofu Steere, ilitoka mwaka 1891. Union Version, ambayo naiona mikononi mwa wengi humu ndani, ni ya mwaka 1952. Wasukuma walipata Agano Jipya mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1960. Hayo yanatosha.

2. Upekee wenyewe

Mada za namna hii kwa kawaida hutaja unabii uliotimia, umoja wa ujumbe na wingi wa nakala za kale. Yote hayo nayakubali, na sina la kuyapunguza. Ila kuna jambo ambalo waandaaji wa masomo hulisahau: Maandiko haya tangu mwanzo yalikuwa ya kusomwa kwa sauti mbele ya mkutano, kwa lugha ambayo mkutano unaielewa.

Fungueni Nehemia sura ya 8. Ezra anasoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wamesimama, na Walawi wanawafafanulia ili waelewe. Bwana wetu katika sinagogi la Nazareti alisimama akasoma Isaya kabla ya kusema lake. Paulo aliwaagiza Wathesalonike waraka wake usomwe kwa ndugu wote, na Wakolosai wabadilishane nyaraka na Walaodikia. Filipo alimkimbilia yule Mwethiopia akamsikia akisoma garini.

Someni pia Yeremia 36. Gombo lile lilisomwa mara tatu kwa siku moja: kwa watu hekaluni, kwa wakuu, kisha kwa mfalme Yehoyakimu, ambaye alikuwa akilikata vipande na kuvitia motoni. Yeremia akamwambia mwandishi wake Baruku aandike upya, na maneno yakaongezeka. Mfalme aliunguza ngozi na wino, lakini neno lilikuwa limekwisha kufika masikioni mwa Yerusalemu.

Historia ya kanisa ni hiyo hiyo. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru Maandiko yachomwe. Maofisa walipokwenda kuyatafuta huko Cirta, Afrika ya Kaskazini, waliambiwa kwamba vitabu viko kwa wasomaji. Kanisa lile lilikuwa na watu wenye kazi hiyo. Wao ndio waliovitunza majumbani mwao, na wao ndio waliovisoma Jumapili.

Na tusiende mbali kote huko. Mmisionari Mackay alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa letu hili. Akiwa hapo aliendelea kutafsiri na kupiga chapa sehemu za Injili kwa Kiganda hadi alipofariki mwaka 1890. Ng'ambo ya ziwa, huko Buganda, waumini waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mtu hakuulizwa kwanza anaimba kwaya gani. Alijulikana kwa kusoma.

3. Tatizo

Hapa naomba nivumiliwe. Mada hii haikusudii kumlaumu mchungaji yeyote, wala haipingi utaratibu wa ibada uliopitishwa na vikao halali. Natambua kwamba kila usharika una mazingira yake.

Lakini ukweli ni kwamba sisi tunaojiita watu wa Neno hatusomi Neno. Tunalihubiri, tunaliimba, tunaliandika kwenye vitenge vya akina mama na kwenye vioo vya daladala. Hatulisomi. Ibada zetu nyingi hapa mjini huchukua saa tatu au nne. Kwaya kuu inaimba, kwaya ya vijana inaimba, akina mama wanaimba, wageni wanatambulishwa, kisha sadaka, changizo la jengo na matangazo. Somo linakuja baadaye likiwa na mistari miwili au mitatu, ambayo mhubiri anaisoma mwenyewe haraka ili afike kwenye hotuba. Nimekaa katika ibada ambamo matangazo yalichukua muda mrefu kuliko Injili yote tuliyoisikia mwezi mzima.

Linganisheni na majirani zetu. Wakatoliki tangu mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wana mzunguko wa masomo wa miaka mitatu: Jumapili wanasikia somo la Agano la Kale, zaburi, waraka na Injili, hata kama padri siku hiyo hana sauti. Waislamu humfundisha mtoto kusoma Qurani miaka na miaka, kila herufi mahali pake. Kwetu msomaji huteuliwa mlangoni wakati kengele imekwisha kulia. Anapewa simu ya mtu, inajizima akiwa katikati ya mstari, anakwama kwenye jina la Melkisedeki, watu wanacheka, naye anapita.

Najua jibu, kwa kuwa nimelipokea mara nyingi: siku hizi kila mtu ana Biblia yake, atasoma nyumbani. Nauliza, ni nani huyo? Mkoa wetu una historia ya kisomo. Ule mradi wa majaribio wa UNESCO wa elimu ya watu wazima, kati ya 1968 na 1972, ulikuwa na makao yake hapa Mwanza, na mama zetu wengi walijifunza kusoma miaka iliyofuata. Leo macho yamepungua nguvu, na miwani ni gharama. Bibi wa Nyakato au wa Igoma anayelala na Biblia chini ya mto hataisoma tena mwenyewe. Masikio anayo. Tukimpa mistari miwili kwa wiki, atamaliza safari yake bila kusikia habari ya Ruthu kwa ukamilifu, na Ruthu nzima yenye sura nne inasomeka kwa robo saa.

Vijana nao wanapokea mstari mmoja kila asubuhi kwenye simu, umekatwa ukawekwa juu ya picha ya maua. Ndiyo maana anapotokea mtu na kipaza sauti akadai mstari fulani unaagiza watu wanunue maji au mafuta yake, wanakwenda. Hawajawahi kusikia mstari uliotangulia wala unaofuata. Tunalalamikia manabii wa namna hiyo katika kila kikao. Njia tumewafungulia sisi.

Halafu lipo suala la Kisukuma. Biblia ya mwaka 1960 ipo, na katika sharika nyingi za mjini imefungiwa kabatini. Hoja inayotolewa ni kwamba mjini tuna makabila mengi. Ni hoja ya kweli, naiheshimu. Lakini wazee wanaokuja kukaa kwa watoto wao Buzuruga kutoka Magu na Kwimba wanahubiriwa kwa Kiswahili cha haraka ambacho hawakifuati, wakati Neno lenyewe kwa lugha yao liko mita kumi kutoka walipokaa.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila ibada ya Jumapili iwe na usomaji wa angalau sura moja nzima, kabla ya hubiri na mbali na mistari ya mhubiri.

Pili, kila usharika uteue wasomaji, wanaume na wanawake, wapewe somo siku ya Jumatano na walisome kwa sauti mbele ya mzee mmoja kabla ya Jumapili. Msomaji asiteuliwe mlangoni.

Tatu, pale penye wazee wasiofuata Kiswahili vizuri, sura hiyo isomwe pia kwa Kisukuma. Ukerewe na upande wa Mara watumie lugha zao kwa kadiri Maandiko yanavyopatikana. Kama muda ni tatizo, matangazo yabandikwe ubaoni.

Nne, Biblia za kabatini zitolewe kabatini.

Tano, walimu wa shule ya Jumapili wawasomee watoto kitabu kizima kwa mfululizo, wakianza na Ruthu, Yona au Marko, badala ya kurukia hadithi moja moja.

Sita, narudia la kwanza kwa sababu ndilo linaloachwa mara zote: sura nzima, kila Jumapili, hata siku ya changizo, hata siku ya mgeni mkubwa.

Saba, waraka wa utekelezaji uandaliwe na ofisi husika, na sharika zitoe taarifa baada ya miezi sita. Mapendekezo kama haya yamewahi kupokelewa kwa makofi na kuishia kwenye mafaili.

Naomba pendekezo la tatu lijadiliwe kabla ya chakula, maana wajumbe wa Ukerewe wana meli ya kuwahi, na wao ndio wanaoweza kutueleza jinsi usomaji wa lugha mbili unavyoendeshwa vijijini kwao.