Mlinzi wa Mpaka na Sanduku la Kura



Zimetufikia habari kutoka Marekani ambazo sisi wakazi wa Gisenyi, tunaolala na kuamka mpakani, hatuwezi kuzisikiliza kama habari za mbali. Wabunge wa majimbo kadhaa ya nchi hiyo wamepeleka miswada ya kuwazuia maafisa wa uhamiaji wa serikali ya shirikisho wasifanye kazi yao ya ukamataji karibu na vituo vya kupigia kura. Jambo lenyewe si geni huko. Sheria ya shirikisho ambayo asili yake ni ya mwaka 1865 inapiga marufuku kuweka askari au watu wenye silaha mahali panapopigwa kura, ila tu ikiwa ni lazima kumrudisha nyuma adui mwenye silaha. Linaloulizwa sasa ni kama afisa wa uhamiaji, anapouacha mpaka wake na kusimama mlangoni pa kituo cha kura, bado anaulinda mpaka.

Wako wanaojibu kwamba kura ni haki ya raia peke yake, na kwamba raia mwema hana sababu ya kuogopa kuulizwa hati. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani hakuna taifa linalopenda mgeni alichagulie viongozi. Lakini na tujiulize, ni nani hasa anayerudi nyumbani anapomwona afisa huyo? Mgeni asiye na hati hana haja ya kwenda kupanga foleni mahali ambapo majina husomwa daftarini mbele ya mashahidi. Anayerudi ni raia ambaye jina lake limeandikwa vibaya kwenye kadi, au ambaye mama yake alizaliwa ng'ambo ya pili, au ambaye nyumbani kwake amemhifadhi shemeji asiye na kibali. Huyo hupoteza kura yake bila mtu yeyote kumkataza kupiga.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika mji huu wa Gisenyi, mwezi Septemba 1976, Burundi, Rwanda na Zaire zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na miongoni mwa shabaha zake ilikuwa watu na bidhaa zao wavuke kwa urahisi. Hata katika miaka ambayo serikali hazikusemezana, wachuuzi wa nyanya, maziwa na unga waliendelea kupita Petite Barrière, makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja. Na kwa kuwa Kongo ilikaa miongo mingi bila kuwapa raia wake kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika nafasi hiyo. Mama wa Birere, kule Goma, amekuwa akimwonyesha afisa wa mpaka kadi ile ile anayomwonyesha msimamizi wa uchaguzi. Kadi moja imebebeshwa kazi mbili. Ndiyo maana ni rahisi mno maswali ya mahali pamoja yakahamia mahali pengine.

Historia ya Kivu inatuonyesha matokeo yake. Sheria ya Zaire ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wameishi Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya, kwa kurudisha kipimo cha uraia hadi mwaka 1885. Kisha, mwaka 1991, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa siasa ya vyama vingi, likaanzishwa Kivu zoezi la kumtambua nani ni raia na nani si raia. Hatusemi kwamba zoezi hilo peke yake ndilo lililomwaga damu ya Walikale na Masisi mwaka 1993. Ugomvi wa ardhi na wa vyeo ulikuwapo pia. Hata hivyo, pale swali la uraia lilipofungamanishwa na hesabu ya kura, jirani alianza kumhesabu jirani yake. Ilibidi kungoja hadi Novemba 2004 ipatikane sheria mpya iliyokitazama kipimo kwa mwaka wa uhuru, 1960.

Na sisi Wanyarwanda tunajua maana ya mtu kusimama njiani na kudai kitambulisho. Mwaka 1994 neno moja lililoandikwa kwenye kadi lilitosha kumwua mwenye kadi. Neno hilo limeondolewa.

Kongo imekuwa na njia yake. Siku za uchaguzi, tarehe 30 Desemba 2018 na tena tarehe 20 Desemba 2023, serikali yake iliamua kuifunga mipaka kwa siku hiyo. Njia hiyo ina gharama: anayekula kwa alichouza leo hulala njaa, na aliyelala upande huu huku jina lake liko kituoni Goma hana pa kupita. Pamoja na hayo, tunaiona ni afadhali kuliko kuuhamisha mpaka hadi kwenye mlango wa shule inapopigwa kura. Uraia uchunguzwe wakati daftari linapoandaliwa, majina yabandikwe hadharani, na mwenye pingamizi asikilizwe kukiwa bado na siku za kutosha. Siku ya kura msimamizi aulize swali moja tu: jina hili limo au halimo?

Swali hilo halitakuwa jepesi kwa jirani zetu. Mwaka 2023 wilaya za Rutshuru na Masisi hazikupiga kura kwa sababu ya vita, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilitwaliwa na M23. Wengi wamekimbia mara mbili au tatu, na katika kukimbia kadi hupotea kama vyungu na magodoro yanavyopotea. Kwa hesabu ya katiba yao, uchaguzi mwingine ni wa mwaka 2028. Watakaoandika daftari hilo watakutana na mtu asiye na kadi, kutoka kijiji kisicho na ofisi, anayesema Kinyarwanda na Kiswahili kama tunavyosema sisi. Na itawabidi waamue, kabla ya siku ya kura, ni ushahidi gani watakaoukubali kutoka kwake.